Mnara Uliomjibu Abati

Mnara wenyewe ni mfupi. Haufiki mita 20, na ngazi zake ni 93. Pale London, mwendo wa dakika 20 hivi kwa treni, kanisa la St Paul's litakutoa jasho kwa ngazi 528 hadi roshani yake ya juu kabisa, na yako majengo ya vioo yatakayokupandisha kwa lifti mpaka masikio yazibe. Hata hivyo mgeni akinifikia Uingereza akaniambia anataka mahali pa juu pa kusimama, simpeleki huko. Nampeleka St Albans, mji wa soko katika jimbo la Hertfordshire, tukapande mnara wa saa ulioko katikati ya mji, tukaegemee ukuta wa paa lake na kutazama kusini.

Kusini ndiko liliko kanisa la abasia, na uzuri wote wa mahali hapa unatokana na jinsi majengo haya mawili yanavyotazamana. Moja ni kubwa mno, lilijengwa na wamonaki waliomiliki mji, mashamba yake, vinu vyake na soko lake. Jingine ni jembamba, limebanwa kati ya vichochoro viwili vya maduka, na lilijengwa na watu waliokuwa wakimilikiwa. Wenyeji walianza kuujenga mnara wao mwaka 1403 wakaumaliza 1412, kwa kengele yao na saa yao, mbele kabisa ya macho ya abati. Uingereza nzima haina mnara mwingine wa namna hii wa enzi za kati, wa kengele ya mji na si ya kanisa, uliobaki umesimama.

Kwa nini watu wa soko wagharimie mawe na chokaa ili wapate saa, wakati abasia ilikuwa na saa iliyosifika Ulaya nzima? Swali hilo ndilo linalonirudisha pale kila mara.

Tuanze na hesabu ya saa zenyewe, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inapanga sala za mchana kwa kuhesabu kuanzia jua linapochomoza: saa ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa. Saa ya sita jua liko utosini. Mwingereza wa leo akielezwa hivyo hukunja uso na kuanza kutoa na kujumlisha vidoleni. Mtu wa Tanga au Mombasa hana haja ya kuelezwa, kwa kuwa ndivyo anavyopanga miadi yake kila siku.

Tofauti ni kwamba kwetu jua ni mwaminifu. Karibu na ikweta mchana una saa 12 mwaka mzima, na ukizidi au kupungua ni kwa dakika tu. St Albans iko mbali sana kaskazini. Mchana wa Juni unazidi saa 16 na nusu, na wa Desemba hautimizi 8. Ugawe mchana wa namna hiyo mafungu 12, kama walivyofanya watu wa kale, utaona fungu moja la Juni lina dakika kama 83 na la Desemba lina 39 hivi. Saa zilivutika na kunywea kufuata majira. Mkulima asingejali, jua lilimtosha. Lakini wamonaki walipaswa kuamka usiku wa manane wasali, wasichelewe wala wasiwahi, na hapo jua halisaidii kitu. Ilibidi awepo mtu wa kukesha, kupima na kugonga kengele. Mtu huyo alikaa ndani ya ukuta wa abasia, na watu wa nje wakaishi kwa kengele yake.

Ndipo anapoingia Richard wa Wallingford. Alizaliwa karibu na mwaka 1292, mtoto wa mhunzi, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na mkuu wa nyumba ya watawa ya mji wao, akapelekwa Oxford. Huko alisoma hesabu na nyota mpaka akawa bingwa, akabuni vyombo vya kukokotoa mwendo wa sayari ambavyo wataalamu waliendelea kuvitumia muda mrefu baada yake. Mwaka 1327 akachaguliwa kuwa abati wa St Albans. Karibu na wakati huo ukoma ulianza kumla. Alitawala miaka tisa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1336, na katika miaka hiyo alijenga saa.

Si saa ya ukutani ya kukuambia umechelewa kazini. Ilikuwa mtambo mkubwa wa chuma wenye magurudumu ya meno, na ulionyesha jua, mwezi na nyota vinavyozunguka, ukaonyesha hata kujaa na kupwa kwa maji pale London Bridge. Hilo la mwisho hunifurahisha kuliko yote. Abati wa bara, asiye na pwani wala mashua, alikaa na kukokotoa bamvua. Saa hiyo ilipiga kengele kwa kuhesabu, pigo moja kwa saa ya kwanza hadi mapigo 24, na kila saa ilikuwa sawa na nyenzake, iwe Juni au Desemba. Magurudumu ya chuma hayajui majira. Saa zinazolingana, ambazo sisi tulio karibu na ikweta tulikuwa nazo bure kutoka mbinguni, huku zilibidi zifuliwe.

Wamonaki walioandika historia ya abasia hiyo wanasimulia kwamba Mfalme Edward III alipotembelea alikuta saa inajengwa huku kanisa lenyewe ni gofu, kwa kuwa nguzo za upande mmoja zilikuwa zimeanguka mwaka 1323. Mfalme akamlaumu abati. Richard akamjibu kwamba maabati watakaokuja watapata mafundi waashi wa kutosha kulitengeneza kanisa, ila yeye akifa, hakuna atakayeweza kuimaliza saa ile. Jibu la kiburi, na ni la kweli pia. Saa ilikamilishwa baada ya kifo chake kwa maelekezo aliyoyaacha. Mtoto wa mhunzi alijua chuma.

Kama hadithi ingeishia hapo ningempenda Richard bila kinyongo. Lakini alikuwa pia bwana mwenye shamba, na bwana mgumu. Kisheria watu wa St Albans walitakiwa kusaga nafaka zao kwenye vinu vya abasia na kulipa. Wao walikuwa na mawe yao ya kusagia nyumbani, madogo, ya mkono, na wakasaga kimyakimya. Richard akashinda kesi, akayakusanya mawe yote ya mji, akayapeleka abasiani na kuyatandaza yawe sakafu ya ukumbi wa kupokelea wageni. Mtu aliyekuja kumwona abati kwa shida yake alikanyaga jiwe la kusagia la mama yake.

Mawe yalikaa pale miaka hamsini. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoinuka dhidi ya kodi na utwana, watu wa St Albans, wakiongozwa na William Grindcobbe, waliingia abasiani. Walitaka hati za uhuru, wakazipata. Halafu wakaing'oa ile sakafu. Waliyapasua mawe vipande vidogo wakagawiana, kila mtu kipande chake aende nacho nyumbani, kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani siku ya Jumapili. Nimesoma habari za maasi mengi na sijaona jingine lenye tendo la fahari kama hilo. Hawakuiba dhahabu ya madhabahu, walichukua mawe yao.

Haikudumu. Mfalme Richard II alifika mwenyewe na majaji wake. Padre John Ball, mhubiri wa maasi yale, alinyongwa na kukatwa vipande hapo hapo St Albans tarehe 15 Julai 1381. Grindcobbe aliachiwa kwa dhamana ili akawashawishi wenzake warudishe hati, naye alipofika akawahimiza wasimame imara wala wasihesabu maisha yake. Akanyongwa. Hati zikarudi abasiani.

Miaka 22 baadaye wenyeji wakaanza kujenga mnara.

Sasa tupande. Mlango uko chini, pembeni, na wanaokupokea mlangoni ni wajitoleaji wa mji, wengi wao wastaafu wenye mapenzi makubwa na kengele yao. Unafunguliwa kwa wageni wikendi za miezi ya joto, kwa kiingilio kidogo. Kabla ya kuingia, sogea uuguse ukuta. Umejengwa kwa gumegume, yale mawe magumu yanayochimbwa kwenye chokaa ya nchi hii, na pembe zake zimeshikwa kwa mawe laini zaidi ya kuchonga. Gumegume kwa nje ni la kijivu na baya. Likipasuliwa, ndani linang'aa kama kioo cheusi, na mafundi waligeuza nyuso zilizopasuka zitazame nje. Mvua ikinyesha, na Uingereza hunyesha, ukuta mzima unametameta.

Chini kulikuwa na duka. Aliyepanga duka aliishi chumba cha juu yake na alikuwa na ngazi yake ya pekee, mbali na ile ya mpiga kengele, hivyo mmoja alipanda kwenda kazini bila kupita chumbani kwa mwenzake. Napenda mnara ulioanza maisha na kodi ya duka. Watu wa soko hawakujenga kitu kisichorudisha hata senti.

Ngazi kuu ni ya kuzunguka, ya mawe, na nyembamba kiasi kwamba bega moja linafuta ukuta wa nje na jingine linagusa mhimili. Anayepanda na anayeshuka hawapishani, mmoja husubiri kwenye chumba. Vipago vimelika katikati kwa miguu ya karne sita, kwa hiyo weka mguu upande wa nje, palipo papana. Mpwa wangu, aliyelelewa Luton na kuzoea ngazi za umeme, alinyamaza kuanzia mzunguko wa tatu. Unapita chumba cha mtambo wa saa. Unasikia sauti ya chuma ikihesabu. Kisha unafika kwenye kengele.

Jina lake ni Gabrieli. Ina uzito wa karibu tani moja, na ilimiminwa karibu na mwaka 1335, yaani ni kubwa kwa umri kuliko mnara unaoibeba, na ni ya miaka ileile Richard alipokuwa akijenga saa yake. Kandokando imeandikwa kwa Kilatini kwamba inalibeba jina la Gabrieli aliyetumwa kutoka mbinguni. Mkatoliki yeyote wa kwetu anajua kwa nini malaika huyo awe kengele: ndiye aliyempasha Maria habari, na sala ya Malaika wa Bwana hugongewa kengele kila siku kwa ajili yake. Lakini Gabrieli huyu alikuwa na kazi za mtaani pia. Saa kumi alfajiri aliwaamsha wanagenzi waende karakana. Saa mbili au saa tatu usiku, kufuata majira, alitangaza moto ufunikwe na watu wakae ndani. Kazi hiyo ya usiku aliifanya mpaka karne ya 19, wakati treni zilikwisha kuingia mjini.

Simama karibu nayo uone mdomo wake. Upo unene wa shaba pale ambao picha hazionyeshi, na rangi ya kijani kibichi imekaa kwenye mikwaruzo. Usiiguse. Wale wastaafu wana macho.

Kutoka hapo ni mizunguko michache, kisha mlango mdogo wa kuinamia, na upepo.

Paa ni bapa, limezungukwa na ukuta wa kufika kifuani wenye mapengo ya kuchungulia. Hakuna nafasi ya umati. Ukisimama upande wa kaskazini, chini yako barabara inapanuka kuelekea St Peter's Street, na kama ni Jumatano au Jumamosi utaona soko: mahema ya mistari yamepangwa safu mbili, muuza matunda anapiga bei kwa sauti inayofika juu bila kupungukiwa na kitu. Soko hili ni la kale kuliko mnara kwa karne nyingi. Sijui wageni wengine, mimi huweza kukaa upande huo muda mrefu nikitazama vichwa vya watu wanaobishana bei ya jibini.

Halafu geuka kusini.

Kanisa la abasia linajaza macho. Lilianza kujengwa mwaka 1077, miaka michache tu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, na sehemu yake ya kukaa waumini ina urefu wa mita 85, ambao hakuna kanisa kuu jingine la Uingereza linaloufikia. Katikati limesimama buruji la mita 44, zito, la mraba, jekundu. Wekundu huo ni wa Kirumi. Bondeni chini ya kanisa, mahali ambapo leo ni bustani kubwa yenye ziwa, palikuwa na mji wa Verulamium, uliochomwa na malkia Boudica mwaka 60 au 61, ukajengwa upya, ukaachwa. Wajenzi wa abasia walikwenda kuokota matofali ya Warumi kwenye magofu wakayapandisha mlimani. Kutoka paa la mnara wa saa unaona hadithi yote kwa mtazamo mmoja: miti ya bustani kule chini yalikotoka matofali, na matofali yenyewe hapa juu yamekuwa mnara wa Mungu. Mtakatifu Albano, mwenye mji, aliuawa kwa kukatwa kichwa wakati wa Warumi kwa kumficha padre, na huhesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa Uingereza. Kaburi lake ndilo lililoleta mahujaji, na mahujaji ndio walioleta fedha. Ng'ambo ya barabara, chini ya pua yako, kuna lango linaloitwa Waxhouse Gate, ambapo mahujaji walinunua mishumaa kabla ya kupenya kwenda kaburini.

"Mjomba," mpwa wangu akasema alipopata pumzi, "mbona bado tunawatazama juu?"

Ameona sawa. Ukiwa kwenye kilele cha mnara wa wenyeji bado unainua kidevu kulitazama buruji la abati, kwa kuwa linakuzidi urefu zaidi ya mara mbili. Hawakuweza kumshinda kwa kimo na sidhani kama walijaribu. Walichotaka ni mahali ambapo mtu wa mji anasimama wima, hayuko kwenye goti wala kwenye foleni ya vinu, akaitazama abasia yote kutoka ukutani hadi ukutani, na kengele yake mwenyewe chini ya miguu. Picha nyingi za utalii hupigwa kutoka chini, kanisa likiwa limemwinamia mpiga picha. Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo kanisa lile linaonekana kama jirani.

Na si jirani huyo tu aliyehitaji kutazamwa. Tarehe 22 Mei 1455, vita vya kwanza vya mfululizo ule mrefu wa kugombea ufalme wa Uingereza vilipiganwa chini ya mnara huu, sokoni na kwenye vichochoro. Watu wa Earl wa Warwick walipenya katikati ya nyumba na bustani wakatokea sokoni, na Gabrieli akagongwa kutoa tahadhari. Mfalme Henry VI alijeruhiwa shingoni kwa mshale, na Duke wa Somerset akauawa mtaani, yote katika muda mfupi ambao leo ungetosha kunywa chai ukalipa. Ukiegemea ukuta ukatazama chini kwenye njia zilivyo finyu, utaelewa kwa nini wapanda farasi wasingefaa kitu.

Kati ya 1808 na 1814 wanamaji wa Uingereza waliweka juu ya paa hili mtambo wenye vibao sita vya kufungua na kufunga, mmoja katika msururu wa vituo kutoka London hadi Great Yarmouth, ili habari za vita na Napoleon zifike pwani kwa dakika chache. Ukungu ukishuka, habari zililala.

Kilichotokea baadaye kwa pande zote mbili, abasia na mnara, nakipenda kwa kuwa hakuna aliyekipanga. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia, kama alivyozifunga nyingine zote, akachukua mali. Majengo ya watawa yakabomolewa. Saa ya Richard, iliyomgharimu kanisa lake, ikapotea isijulikane hata gurudumu moja liliko. Kanisa lenyewe lilibaki bila watawa wake mpaka mwaka 1553, wenyeji walipolinunua kwa pauni 400 liwe kanisa la parokia. Wajukuu wa watu waliong'oa sakafu walinunua jengo zima. Tangu 1877 ni kanisa kuu la Kianglikana. Ule mnara wa gumegume nao uliponea chupuchupu katika karne ya 19, ulipokuwa umechoka hata ikazungumzwa habari ya kuubomoa, na ukaokolewa katika miaka ya 1860 kwa matengenezo ya msanifu George Gilbert Scott.

Watu wa kwetu hawajaachana na wana wa Benedikto. Wamonaki wa St Ottilien kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na kanuni iliyoning'inia juu ya mji huu wa Hertfordshire ndiyo ileile inayopanga siku huko kusini mwa Tanzania hadi leo. Aliyekulia karibu na abasia hizo anazijua karakana, hospitali, shule, vitabu vya sala vilivyochapwa na mitambo yao, na anaijua kengele. Anajua pia, kama ni mkweli, kwamba kengele inayomwamsha mtawa kwenda kusali humwamsha na mtu ambaye hakuweka nadhiri yoyote. Tofauti moja ningependa kuiona kwa macho: saa ya tatu ya Peramiho huangukia karibu na saa tatu, kipupwe na kiangazi, na Richard wa Wallingford angetoa chochote apate jua la namna hiyo.

Ukienda, chagua Jumamosi, soko liwepo. Panda mnara kwanza, kanisa baadaye, kwa sababu aliyeanzia kanisani huja juu akiwa amekwisha kushiba ukubwa na huona mnara ni mchezo. Ukishuka, vuka barabara, pita Waxhouse Gate, kichochoro kitakutoa ubavuni mwa kanisa. Tazama matofali ya Kirumi kwa karibu, ni mapana na membamba kuliko ya kwetu. Ndani wameweka mfano wa saa ya Richard, uliotengenezwa upya kwa kufuata maandishi yake, na inafaa kusimama mbele yake mpaka uone meno yanavyokamatana. Kiingilio cha kanisa ni hiari, sanduku liko mlangoni. Kule mnarani ni lazima ulipe, na mimi hulipa kwa furaha zaidi.